Kabla ya taazia: jinsi ya kuandika maisha ya wazee wa kisiwa kidogo

Nilikuwa karani wa boti kwa miaka ishirini na sita. Kazi yangu ilikuwa kuandika majina ya abiria, nani anakwenda bara na nani anarudi, kwa hiyo watu wa kisiwani walidhani nawajua wote. Ndiyo maana alipofariki mama mmoja wa nyumba za juu, wanawe walinijia na kalamu, wakaniomba niandike maneno ya kusomwa mazikoni. Nilikesha. Kulipokucha nilikuwa na sentensi nne: alizaliwa hapa, aliolewa hapa, alijaliwa watoto sita, ametutangulia. Ukibadilisha idadi ya watoto, maneno yale yangemtosha mwanamke yeyote wa kisiwani.

Nikayasoma, watu wakaitikia. Jioni tulipokaa nje ya nyumba ya msiba, mzee mmoja akasema, kama anayekumbuka jambo dogo tu, kwamba mwaka ule mlinzi wa taa alipougua, marehemu ndiye aliyekuwa akishuka gatini kila magharibi kuiwasha, miezi mingi, bila kuombwa na bila kulipwa. Mimi nilikuwa nimeandika jina la mama huyo mara mia kadhaa. Nilimwuliza anakwenda wapi na anarudi lini. La taa sikuwahi kumwuliza.

Tangu siku ile nimekuwa nikiwaandika wazee wangali hai. Njia ninayoieleza hapa nimeipata kwa kukosea, na baadhi ya makosa hayo nitayasema.

Orodha kwanza, kinasa sauti baadaye

Andika majina ya wazee wote, kisha usiyapange kwa umri. Yapange kwa anayekaribia kuondoka. Kisiwani mzee huondoka mara mbili: mara ya kwanza anapopelekwa bara, kwa daktari au kwa mwanawe, na mara ya pili anapokufa. Ile ya kwanza ndiyo inayotupora zaidi. Akishakaa katika chumba kisichoona bahari, hana cha kumkumbusha. Nimewafuata wawili huko bara na kuwahoji. Walinisimulia habari za barabara na za ngazi za jengo. Kwa hiyo ukisikia mtoto wa mtu amekuja kumchukua mama yake, acha ulichokuwa ukifanya, nenda jioni hiyo hiyo.

Na kisiwa chenyewe kinaweza kuondokewa. Tarehe 29 Agosti 1930 watu 36 wa mwisho wa St Kilda, magharibi ya Scotland, walipanda meli kwa ombi lao wenyewe na kuacha nyumba zao. Great Blasket ya Ireland ilihamwa mwaka 1953. Watu wa Tristan da Cunha waliondoshwa na volkano mwaka 1961, na wengi wao wakarudi 1963. Great Blasket naikumbuka kwa sababu nyingine pia: kulikuwako mwanamke asiyejua kuandika lugha yake mwenyewe, akamsimulia mwanawe maisha yake naye akayaandika. Kalamu ilikuwa mkononi mwa mtu wa nyumbani. Ukiwa na mtoto au mjukuu anayeweza kukaa kimya na kusikiliza, kazi imeshaanza.

Ziara ya kwanza usirekodi

Nenda mikono mitupu, amkia, kaa. Sema unachotaka kufanya na kwa nini, kisha zungumzeni mambo ya leo. Mzee anayekuona umetoa simu na kuielekeza mdomoni mwake atakupa hotuba, na hotuba za wazee zinafanana: zamani kulikuwa na adabu, siku hizi hakuna. Nilijaza saa kumi na moja za hotuba hizo kabla sijaerevuka.

Swali baya kuliko yote ni “Nisimulie maisha yako.” Nani awezaye kulijibu? Ukiulizwa wewe leo, utasema nini? Uliza jambo linaloshikika. Ukitoka kitandani ukiwa na miaka kumi, mguu ulikanyaga nini? Maji mliyatoa wapi, na nani aliyatoa? Usiku taa ya nyumba yenu ilionekana kutoka baharini? Boti ikichelewa, nani alitoka kwanza kwenda kuangalia? Au anza na kitu kilichomo nyumbani: sanduku, sindano ya nyavu, picha iliyopinda ukutani. Mpe mkononi. Mkono ukishashika kitu, mdomo hauna haja ya kusukumwa.

Kuna jambo watafiti wa kumbukumbu wameliona na mimi nimelikuta kila nyumba: mtu mzima sana hukumbuka kwa wingi mambo ya tangu umri wa miaka 10 hivi hadi 30. Usimharakishe kufika uzeeni. Vijana wengi wanaonisaidia huona aibu wakitumia siku tatu katika utoto wa mtu, wanadhani hawasongi mbele. Kaeni huko huko.

Karatasi kubwa

Kama utachukua kitu kimoja tu katika haya yote, chukua hiki. Tafuta karatasi kubwa, au gundisha kadhaa. Chora ukingo wa kisiwa na gati, basi. Usichore nyumba hata moja. Itandaze sakafuni au mezani, umpe mzee penseli. Mikono ikiwa inatetemeka, yeye aoneshe kwa kidole, wewe uchore.

Kisha: “Tuanze gatini, bibi, tupande. Ulipokuwa msichana, nyumba ya kwanza mkono wa kulia ilikuwa ya nani?”

Mzee mmoja, mvuvi, alinikatalia ziara mbili nzima. Hana la kusimulia, alisema, yeye amevua tu. Siku ya tatu nilikuja na karatasi. Kutoka gatini hadi nyumba ya tatu tulitumia saa mbili, na tulisimama pale kwa sababu alichoka. Kila nyumba ilimletea mtu, kila mtu akamletea tukio: huyu ndiye aliyekuwa na saa ya kwanza kisiwani, huyu aliondoka na meli hakurudi, hapa ndipo tulipopigwa kwa kuvunja dirisha. Mji mkubwa hauchoreki hivi. Kisiwa kidogo kinaenea kwenye karatasi moja, na mzee ameukanyaga kila mlango wake.

Viwanja vitupu usivipite. Palipo na magugu leo palikuwa na watu, na mara nyingi ndipo penye habari nzito: familia iliyohama, boti isiyorudi, ugomvi. Uliza mlango ulitazama wapi. Uliza nani hakuwa akipita njia ile, na kwa nini.

Karatasi ya pili iwe ya bahari. Majina ya miamba, mikondo, mahali pa kutia nanga, mahali pa samaki, na zile alama za kulinganisha: ukiona mti ule umekaa juu ya kilele kile, zama hapo. Hayo ndiyo yanayokufa kwanza, kwa sababu mwenye mashine inayomwonesha njia kwa setilaiti hana haja ya mti wala kilele. Usiwape wanaume peke yao karatasi hiyo. Bibi ninayemwamini kuliko wote katika majina ya miamba hajawahi kupanda chombo kwenda kuvua. Anaijua kwa miguu, maji yakitoka. Alinipa majina kumi na manne ambayo manahodha wetu hawakuwa nayo, na mawili kati yao hayasemeki mbele ya watoto.

Kwenye karatasi hizo hizo tia alama ya mwisho wa maji. “Bahari iliwahi kufika wapi? Nani alikwambia?” Kisiwa cha Simeulue, Indonesia, kilipigwa na mawimbi makubwa mwaka 1907. Waliosalimika waliacha neno, *smong*, na wazee wakalipokezana katika hadithi na nyimbo: ardhi ikitikisika kwa nguvu na maji yakikimbia ufukwe, panda kilimani. Tarehe 26 Desemba 2004 bahari ilikuja tena. Kisiwa kilikuwa na watu wapatao 78,000. Waliokufa ni 7. Nikiulizwa kuna faida gani kukaa na vikongwe na makaratasi, huwa nataja namba hizo mbili na kurudi kwenye kazi yangu.

Mwaka usiulize

Wazee wengi wa visiwani walizaliwa bila cheti, au cheti chao kina mwaka aliokisia karani aliyekuwa na haraka. Najua, nimekuwa karani. Ukimbana mtu kwa tarehe utamwaibisha, naye atakutupia mwaka wowote ili mwendelee.

Tengeneza badala yake ngazi ya matukio: gati lilipojengwa, shule ilipofunguliwa, meli iliyopanda mwamba, dhoruba iliyong'oa mapaa, redio ya kwanza, injini ya kwanza. Yapange kwa miaka kutokana na daftari za shule, za bandari, za misikiti au makanisa, na mawe ya makaburi. Kisha uliza: “Meli ilipopanda mwamba, ulikuwa umeshaolewa? Ulikuwa na mtoto mgongoni?” Kupatwa kwa jua ni zawadi, maana tarehe zake zinajulikana hadi dakika kwa kila mahali duniani. Bibi aliyeniambia jua liliingia giza mchana naye akiwa mja mzito wa mwanawe wa kwanza alinipa, bila kujua, mwaka ambao cheti chake kiliukosa.

Wakati mwingine atakosea, nawe utajua amekosea. Usimsahihishe papo hapo. Mwanahistoria Alessandro Portelli alizungumza na wafanyakazi wa mji wa Terni, Italia, juu ya kijana Luigi Trastulli aliyeuawa na polisi mwaka 1949 katika maandamano ya kupinga nchi yao kujiunga na NATO, umoja wa kijeshi wa nchi za Magharibi. Wasimulizi wengi walikiweka kifo hicho mwaka 1953, katika ghasia za wafanyakazi kufukuzwa kiwandani. Hawakuwa wakidanganya. Kupunguzwa kazi ndiko kulikowauma maisha yao yote, na kifo cha mwenzao kikahamia penye maumivu hayo. Kwa hiyo andika alivyosema, kisha pembeni, kwa penseli, andika daftari linavyosema. Tofauti kati ya viwili hivyo irudie baadaye kwa upole, uone imetoka wapi.

Mambo ya mashine, kwa haraka

Simu inatosha. Izime mtandao isije ikalia katikati ya neno, iweke juu ya kitambaa kilichokunjwa, hatua moja kutoka kinywani, na usikae nje: upepo wa kisiwani hausikiki mkiongea, lakini kwenye rekodi ni kama mtu anachana nguo. Ndani, penye mapazia na godoro, ndipo pazuri. Rekodi kwa WAV, faili la sauti lisilobanwa, badala ya MP3 iliyobanwa, kama simu ina nafasi ya kutosha. Saa moja ni kama megabaiti 500 kwa ubora mzuri wa sauti ya mkondo mmoja. Mwanzoni taja jina lake, lako, mahali na siku. Kaa upande wa sikio zima. Ukomo wangu ni saa moja na nusu, hata akisema hajachoka.

Ukifika nyumbani tengeneza nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe nje ya kisiwa. Hiyo ya mwisho watu huipuuza. Chumvi inakula diski kama inavyokula misumari, na dhoruba moja hupita nyumba zote kwa usiku mmoja. Yangu iko bara kwa mpwa wangu, ndani ya kopo lenye mfuniko, naye anajua kwamba si la sukari. Kuandika neno kwa neno saa moja ya maongezi huchukua saa nne hadi sita, kwa hiyo usirundike. Picha za zamani ziandike nyuma kwa penseli laini, taratibu, maana kalamu ya wino hupenya.

Kisiwani hakuna kisa cha mtu mmoja

Hapa ndipo miongozo ya watu wa mjini inapokosea. Wao husema, ukitaka kumficha mtu, badilisha jina. Kwetu ukiandika “fundi mmoja wa nyavu mwenye jicho moja lenye makovu,” umemtaja, umemtaja na baba yake. Hata ukiondoa nyavu na jicho, watu watakaa gatini jioni mbili na kumpata. Jina bandia halifichi kitu. Kinachoficha ni kutoandika, au kungoja.

Mwaka wa pili nilisoma hadharani simulizi ya babu mmoja, kwa ruhusa yake kamili. Ndani yake mlikuwa na sentensi ndogo kuhusu chombo kilichouzwa mara mbili. Muuzaji alishafariki, watoto wake walikuwa wamekaa safu ya tatu. Hawakuniamkia kwa miezi kumi na minne, nao ni watu ninaokutana nao kila siku kwa sababu njia ni moja. Walikuwa na haki. Nilikuwa nimeomba ruhusa ya msimulizi, nikasahau kwamba kisa kilikuwa na wenyewe wengine.

Siku hizi baada ya kuandika ninarudi na kurasa na kumwomba mzee agawe mambo katika mafungu matatu: ya kusomwa sasa, ya kusomwa yeye akishaondoka, na ya kutosomwa kabisa. La tatu ninalichana mbele yake, na sehemu hiyo ya rekodi ninaifuta akiwa anatazama. Wapo watakaosema ninaharibu historia. Huenda. Lakini hao hawapandi boti moja na sisi. Fungu la pili linakaa kwenye bahasha iliyofungwa, juu imeandikwa siku ya kufunguliwa na nani aifungue, na ninahakikisha anayetajwa si mimi peke yangu, maana nami nina umri wangu. Habari inayomgusa mtu mwingine aliye hai ninampelekea huyo mwenyewe kabla ya kuisoma popote.

Watoto walio mbali ni shida ya namna yake. Watakupigia simu wakitaka umaskini uondolewe, au mke wa kwanza. Wasikilize, lakini ruhusa ni ya mzee akiwa na akili zake. Hapa huwa sibembelezi.

Waliokwisha kusahau

Usiwaruke. Usiwatahini pia, “Unanikumbuka mimi nani?” ni swali la kikatili, hata likisemwa kwa kucheka. Imba mwanzo wa wimbo wa shule au wa kuvuta chombo, unyamaze, ungoje. Mpe kamba. Mzee mmoja ambaye hakujua jina la mkewe alifunga mbele yangu fundo ambalo mwanawe nahodha hakulijua, akalifungua, akalifunga tena polepole ili nione. Nilimpiga picha mikono, hatua kwa hatua, na picha hizo ndizo wasifu wake. Hazina neno hata moja na hazihitaji.

Kuandika ukurasa

Kutoka katika saa sita au nane za maongezi utatoa kurasa mbili. Futa kwanza maneno yanayomfaa kila marehemu: mcheshi, mkarimu, mpenda watu. Kama alikuwa mkarimu, tafuta siku alipokuwa mkarimu na gharama yake. Nilipomwandika upya yule mama wa taa, “Alipenda kusaidia” ilikuwa sentensi yangu, baadaye ikawa “Miezi ile yote alishuka gatini na mafuta yake mwenyewe.” Acha matamshi yake, na yale maneno yake ya baharini ambayo bara hawayajui, usiyanyooshe. Acha na kasoro moja angalau, ile ambayo kila mtu anaijua na anaicheka. Mtu asiye na kasoro hatambuliki na jirani zake, watajiuliza umemwandika nani.

Kisha msomee. Simaanishi umpe karatasi. Msomee kwa sauti, polepole, wakati ambao nyumba imetulia. Ataingilia. Mwache. Masahihisho ya siku hiyo nimeona yana thamani kuliko mahojiano yenyewe, kwa sababu sasa anajisikia kutoka nje na anajua palipopinda.

Wa kwanza niliyemsomea alikuwa bibi aliyenusurika chombo kilipopinduka, yeye na dada yake mdogo, usiku kucha wakishikilia ubao. Nilikuwa nimeandika kwamba alitetemeka kwa hofu hadi alfajiri. Nilikipenda kile kifungu, nilikuwa nimekiandika mara tano. Akaninyamazisha kwa kidole.

“Toa hofu hapo, mwanangu. Nilitetemeka kwa baridi.”

Nikamwuliza kama kweli hakuogopa.

“Niliogopa asubuhi,” akasema, “nilipoona ulivyokuwa ubao wenyewe.”

Nikachukua penseli.